Aliyemwitikia Jaji

Simu ilinikuta sina hata hamu ya kupokea simu. Tangu nifanyiwe upasuaji wa koo mwaka jana sauti yangu imekuwa ya kukwaruza, na kila nikimaliza neno lazima nikohoe mara mbili, kama mkwe anayejitangaza mlangoni. Aliyepiga alikuwa mkuu wa shule niliyosoma, ile shule ya wavulana ya mapadri, mlimani juu ya Same. "Shikamoo mzee. Injinia, umepita! Jina lako linaandikwa kwenye ubao wa mashuhuri wetu!" Mashuhuri, jamani! Mimi niliyemaliza ujana wangu nikigombana na mabomba ya maji. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Halafu kicheko kikaniisha, maana niliikumbuka ile Jumatatu.

Kaa vizuri nikusimulie. Usipoijua desturi yetu utaniona mzee mzima naogopa kipande cha mbao.

Shule yetu ilikuwa katikati ya mlima. Chini uliiona tambarare yote, kavu, vumbi tupu, mistari ya mkonge, na treni ikipita ndogo kama mdudu. Juu yetu kulikuwa na ukungu wa Upare, na baadhi ya siku ulishuka ukaingia mpaka bwaloni, tukala makande bila kuonana vizuri na waliokaa meza ya pili. Bado naisikia harufu ya lile bwalo: maharage, moshi wa kuni mbichi, na sare zilizokauka nusu. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Kilipogongwa, hata mbuzi wa majirani walijua ni saa ngapi.

Ukutani mwa bwalo palikuwa na ubao mrefu mweusi wenye majina kumi na moja kwa rangi nyeupe. Hao ndio waliopita pale wakawa watu: askofu, daktari, golikipa aliyechezea taifa, mtangazaji wa redio ambaye hata bibi yangu aliijua sauti yake, na jaji. Kila mmoja wao alikuwa amelala kwenye kitanda chenye namba, na namba za vitanda hazikubadilishwa kamwe. Ukipangiwa kitanda cha mtu, wewe ndiye mrithi wake. Kila Jumatatu kabla ya uji mwalimu wa zamu aliita majina yetu, kisha akaugeukia ubao na kuita ya wale. Ukisikia jina la mtu wako unaitika kwa nguvu, "Yupo!" Padri gombera, yaani mkuu wetu wa shule, alisema hataki vijana waliotoka pale wasahaulike kama sufuria zilizotoboka.

Mimi nililala kitanda namba kumi na saba, cha jaji. Sikuwahi kumwona hata kwa picha. Nilimjua kwa vistari tu alivyochonga kwa kisu kwenye ubao wa kitanda, akihesabu siku za kurudi likizo. Vilikuwa vingi mno. Nilivipapasa kwa vidole kila nilipolala, na kwa miaka mitatu nilimwitikia huyo mtu kwa sauti yangu ya kitoto.

Kuacha jina la ubaoni bila jibu lilikuwa kosa kubwa kuliko kutoroka. Mimi nilikuwa nimeshalifanya mara mbili kwa uzembe tu, na gombera alinitazama juu ya miwani akasema, "Ya tatu, unafungasha." Hakuwa mtu wa mizaha. Na kule nyumbani, Myamba, hakukuwa na mtu wa kunipokea ila bibi, aliyenilea tangu wazazi wangu wafariki. Alikuwa amewatangazia wanawake wote sokoni, juu ya mafungu yake ya tangawizi, kwamba mjukuu wake anasoma kwa mapadri. Ningerudi na sanduku kichwani asingeinua uso tena. Hilo niliogopa kuliko viboko.

Bibi huyo alikuwa na mafunzo yake. Moja alilirudia kila mimi na watoto wa jirani tulipokwenda kuokota kuni: ukisikia unaitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nyamaza. Kama ni mtu wa kweli ataita tena. Tulimcheka pembeni, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuitika.

Basi, Jumatatu ile ilikuwa zamu yangu ya maji. Juu ya shule kulikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo ambalo wazee walilijenga zamani. Maji ya mlimani hujikusanya humo usiku, asubuhi unazibua tundu, yanateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ya shule ilikuwa alfajiri. Nimezibua vizuri, maji yanaimba kwenye mfereji, mara akatokea mama jirani na jembe begani. "Mwanangu, Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina, shikamoo mama." Hata hakuitikia shikamoo yangu. "Niachie kidogo tu. Maharage yangu yanakufa."

Ungefanyaje? Nikachimbua bonge la udongo na majani, nikageuza maji yakaenda kwake, nikakaa kusubiri niyarudishe. Kumwacha na maji nikaondoka nisingeweza, kwa kuwa angeyamaliza yote na bustani ya shule ingebaki kavu. Kidogo chake kikawa kirefu. Mara nikasikia reli inagongwa.

Nilikimbia, rafiki yangu. Miguu imelowa, suruali imejaa tope, nateleza kwenye mawe. Jina langu mwenyewe lingesamehewa kwa ajili ya zamu; la jaji, hapana. Madirisha ya bwalo yalikuwa wazi na majina yakanifikia mlimani moja moja. Askofu, yupo. Daktari, yupo. Nilikuwa kama hatua mia hivi kutoka ukutani lilipoitwa jina la jaji.

Kimya. Nikamwona bibi yangu sokoni, nakwambia kweli, nikaona na kitambaa alichofunga kichwani. Nikaanza kulia huku nakimbia.

Ndipo mtu akaitika humo ndani. "Yupo!" Haikuwa sauti ya mvulana. Ilikuwa ya mtu mzima, ya kukwaruza, ikafuatiwa na kikohozi mara mbili na kitu cha chuma kikilia kwenye sakafu ya saruji. Nikasimama pale pale. Na kabla sijapata pumzi nikasikia jina langu likiitwa kutoka dirishani, mara moja tu. Jina langu la nyumbani, alilonipa bibi, ambalo pale shuleni hapakuwa na aliyelijua. Sikuitika.

Nilipoingia, wavulana wote walikuwa wima, wamekauka. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshaweka alama kwenye daftari. Rafiki yangu wa kitanda cha pili alininong'oneza, "Sauti imetoka pale unaposimama wewe, dirisha la tatu. Hapakuwa na mtu. Na kuna funguo zimeanguka, tumetafuta chini ya meza, hamna."

Mchana redio ya mapadri ikatangaza kwamba jaji amefariki alfajiri.

Haya, nani angebisha? Shule nzima tulikubaliana: mzee alipita kuitikia jina lake mwenyewe. Wengine wakatania, kwa woga, kwamba zile ni funguo za Mtakatifu Petro, kaazimwa njiani. Gombera aliadhimisha misa na hakunigusa. Alama ilikuwepo daftarini, na nadhani hata yeye hakutaka kuuliza imefikaje. Likizo nilipomsimulia bibi, aliacha kumenya ndizi, akanishika kidevu. "Mtu ameacha safari yake kwa ajili yako," alisema. "Sasa usimtie aibu."

Nimeishi na neno hilo maisha yangu yote. Nimejenga miradi ya maji kwenye wilaya chungu nzima, na sijawahi kubeba hata mfuko mmoja wa saruji kupeleka nyumbani. Si kwamba sikutamani. Nilitamani sana, na nyumba yangu ilikaa bila plasta miaka mingi. Lakini kila nilipotaka kunyoosha mkono nilihisi yule mzee amesimama nyuma yangu, na nilikuwa namwogopa na kumpenda.

Kwa hiyo nilikubali kwenda kwenye jubilei ya shule, siku ya kuandikwa jina langu. Si kwa ajili ya ubao. Nilitaka nisimame pale dirisha la tatu nimwambie asante kabla bwalo halijavunjwa, maana mkuu aliniambia linavunjwa wiki inayofuata wajenge ukumbi wa ghorofa. Jumatatu hiyo ya jubilei wangeita majina kwa mara ya mwisho.

Nilipanda asubuhi. Kwanza nilikwenda kwenye ndiva. Imejaa nyasi, tundu lake limezibwa na mchanga, kuna mbuzi amefungwa katikati. Siku hizi watu wana bomba. Nalijua vizuri hilo bomba, nililichora mimi, na siku ya uzinduzi nilipigiwa vigelegele. Nilisimama pale nikaona aibu ambayo sikuitegemea.

Bwaloni nikaenda mahali pangu, dirisha la tatu, funguo za gari mkononi. Wavulana wa sasa walipangwa mstarini, warefu, nadhifu, wamegawiwa majina ya ubaoni siku ileile. Askofu, yupo. Daktari, yupo. Likaitwa jina la jaji.

Kimya. Walitazamana. Mkuu akaninong'oneza, "Wamesahau kumpa mtu. Kitanda chake kilipasuliwa kuni zamani." Mwalimu akainua kalamu. Nakwambia, nilikuwa na nywele nyeupe kichwani lakini moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyeambiwa ya tatu anafungasha. Sikufikiri. Nikavuta pumzi.

"Yupo!"

Kikohozi kikanijia mara mbili. Funguo zikaniponyoka, zikaanguka kwenye saruji.

Niliinama kuziokota, nikashindwa kuinuka. Ile sauti niliijua. Nimeibeba kichwani tangu utoto, kila mkwaruzo wake, na mlio wa chuma nyuma yake. Jaji wangu, maskini, kumbe alikufa kwake kwa amani na hakuja kokote. Mtu niliyemwogopa maisha yangu yote alikuwa amepiga magoti pale chini na suti yake ya jubilei, anatafuta funguo.

Nilishika ukingo wa dirisha nikajivuta juu. Nje, kijia cha kwenye ndiva kilikuwa kitupu, kimeota majani, ukungu umeanza kukifunika. Bibi hayupo, gombera hayupo, maji hayapo, na ukuta niliouegemea ulikuwa umebakiza wiki moja tu. Lakini nilijua yule mvulana aliko: hatua mia hivi, suruali imejaa tope, analia. Nilitaka kumwambia apunguze mbio, ameshaitikiwa, bibi hataaibika.

Nikamwita kwa jina lake la nyumbani, mara moja. Sauti haikuwa na nguvu ya mara ya pili.

Hakuitika. Bibi yake alimfundisha vizuri.