Nilitoka kwenye Nyungu, Wakanipigia Makofi

Nilikuwa ndani ya blanketi, uso juu ya sufuria, jasho linachuruzika mpaka kwenye kope, walipowasha grenda.

Nyungu ina adabu yake. Unakaa kwenye kigoda, sufuria ya majani yaliyochemka ipo mbele yako, unafunikwa gubigubi, unavuta mvuke, na hutoki mpaka aliyekufunika akufunue. Kipindi kile cha korona mtaa wetu mzima ulinuka mwarobaini na mchaichai. Aliyenifunika mimi ni mama mkwe. Alisikia nakohoa na nina kichanga ndani, akavuka kutoka Sengerema na mfuko wa majani, utadhani huku Ilemela miti imekwisha.

"Vuta kwa pua," aliniambia kupitia blanketi. "Hukuja kunywa chai hapa."

Mtoto alikuwa kitandani, amelala. Pua zilikuwa zimemziba siku kadhaa, akinyonya anakosa pumzi, akikosa pumzi analia, na akilia nami nalia. Usingizi ule niliuomba kama watu wanavyoomba mvua.

Halafu ndiyo grenda. Ikasugua bati. Ikaacha. Ikasugua tena, na chini yake kitu kikawa kinalia ngo, ngo, ngo, kama kengele iliyozibwa kwa tambara.

Nilijua ni wao. Vijana wawili, ndugu, wamepanga chumba cha nyuma. Zamani walikuwa wanakodisha spika kwenye harusi, na mambo yao haya walikuwa wakiyafanya kwenye banda fulani, mbele ya watu wachache wa aina yao. Korona ilipokuja sherehe zikakatika, banda likafungwa, wakahamia mtandaoni. Wanapiga laivu, wanaangaliwa na wazungu waliofungiwa majumbani mwao. Wimbo hakuna. Ni kelele, na wao wenyewe wanauita muziki wa kelele, hawafichi. Ile ngo ngo ilitoka kwenye jiwe. Nyuma ya nyumba yetu, huku mlimani kwenye mawe, kuna jiwe kubwa ambalo ukiligonga pembeni linalia. Mimi nilikuwa nalianikia nepi. Wao wakalibandikia maiki kwa gundi ya karatasi.

Nilikuwa nimeshawaambia. Kwa upole, kwa ukali, kupitia mume wangu. "Sawa shemeji, tunapunguza." Hawakupunguza hata siku moja.

Mara ya tatu grenda iliposugua, nikalitupa blanketi.

"We! Sijakufunua!" mama mkwe akapiga kelele. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nilitoka na kanga moja, imefungwa kifuani, imelowa jasho na maziwa, imeniganda mwilini. Nywele zimesimama. Na nilikuwa natoa moshi. Ni kweli, ule mvuke wa nyungu ulikuwa unanitoka mabegani, kwa sababu ziwani kulikuwa kunapiga upepo wa baridi baada ya mvua. Sikujiona wakati ule. Nilikuja kujiona baadaye, kama walivyoniona wengine.

Niliwatukana. Siwezi kuyaandika yote. Niliwaambia wao ni mbwa, na nikamtaja mama yao, mwanamke anayeuza dagaa, ambaye akipita kwangu namwamkia shikamoo na ananiitikia marahaba mwanangu. Nilimtaja vibaya sana.

Mkubwa akazima grenda. Mdogo akanyanyua maiki nyingine taratibu na kunielekezea. Nikadhani wameona aibu. Nikashika waya wa spika nikauchomoa kwa nguvu, na pale ukatoka mlio ambao hata wao sidhani waliwahi kuupata. Mlima wote ukaitika. Halafu kimya.

Wakaanza kupiga makofi.

"Mnapiga makofi ya nini?"

"Shemeji," mdogo akasema, anatabasamu, "uko laivu."

Simu ilikuwa juu ya stuli, imeegemezwa kwenye kopo la rangi. Kwenye kioo mioyo ilikuwa inapanda, myekundu, mingi, kama mapovu kwenye sufuria. Wale watu walidhani mimi ni sehemu ya onyesho. Walidhani nimepangwa.

Niliingia ndani nimejikunja kama mtu aliyepigwa tumboni. Mtoto alikuwa mikononi mwa bibi yake, analia mpaka sauti imemkauka.

"Wamemwamsha," nikasema.

"Wao?" Mama mkwe akaniangalia. "Kwa hilo lidude lao alikuwa amelala fofofo. Ameamka uliposema wewe."

Alinifunika tena, na kule ndani nikashukuru kwamba kuna blanketi.

Video ilikatwa kipande, ikaanza kutembea. Wakanipa jina, Mama Mvuke. Bombani wanawake walinipisha foleni. "Mpisheni, asije akatuchomoa waya!" Nilicheka nao. Ukikataa kucheka ndiyo wanaendelea. Nikajitwisha ndoo nikapanda mawe huku shingo inawaka.

Mume wangu ni dereva wa lori. Siku zile alikuwa amekwama mpakani na wenzake, wanasubiri kupimwa ndipo wavuke. Alinipigia jioni.

"Ile kanga," akasema. "Ni ile niliyokuletea ulipojifungua?"

"Umeiona wapi?"

"Kwenye grupu la madereva. Wanaiangalia hapa chini ya lori." Nikawasikia wakicheka nyuma yake. "Nimewaambia simjui huyo mwanamke."

Alidhani amenisitiri. Nami nikamwambia ahsante, nikakata, nikakaa chini kwenye sakafu. Mwanaume aliyenioa kanisani, mbele ya watu, amenikana kwa sababu ya video, na mimi nimemshukuru.

Asubuhi nikawafuata wale vijana. Nilivaa gauni refu na kilemba, na nilipiga hodi.

"Ifuteni."

"Kwetu tumeshafuta, shemeji," mkubwa akasema. Hakuniangalia usoni. "Ila laivu ile ilikuwa ya tamasha la mtandaoni, na walioliandaa wako nje ya nchi, wao wanayo. Wameiweka kwao."

"Waambieni waifute."

"Tumewaambia. Wanasema ndiyo sehemu bora ya onyesho zima."

Mdogo akadakia, kwa furaha kabisa, mtoto wa watu: "Wanakuulizia! Wanataka ufanye tena."

"Nifanye nini tena?"

"Vile vile. Utoke na moshi."

Sikumpiga. Nilitaka. Niliwaambia wamwombe msamaha mama yao kwa niaba yangu, halafu nikaona huo ni upumbavu, nikaenda mwenyewe. Yule mama alikuwa anapepeta dagaa. "Marahaba," akasema, na safari hii neno mwanangu halikufuata.

Ndipo nikaenda ofisi ya mtaa. Nikanawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, nikaingia. Mtendaji alikuwa amevuta barakoa chini ya kidevu, anakula karanga.

"Malalamiko ya kelele?" akauliza. "Hayo tunayapokea kila siku."

"Siyo ya kelele. Ya video."

"Video gani? Hebu niione."

Nikamwonyesha, maana nilidhani ndiyo taratibu. Akaiangalia. Akairudisha nyuma, akaongeza sauti, akawaita wa chumba cha pili. Watu wazima, wananijua, wamesimama nyuma ya meza wanamwangalia yule mwanamke mwenye kanga iliyolowa, na mimi mwenyewe nimekaa mbele yao nimevaa kilemba.

"Lakini mama, una sauti!" akasema. "Una kipaji wewe."

Nilichukua simu yangu nikaondoka. Nimesoma mpaka kidato cha nne, kuandika najua. Niliandika barua nyumbani, mtoto ananyonya kwa pumzi zake mwenyewe, nikaipeleka ofisi ya kata, ikapigwa muhuri. Haya ndiyo niliyoyaandika:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIDEO YANGU

Mimi ni mkazi wa kata hii. Nalalamika kwamba nilirekodiwa na kurushwa mtandaoni bila ridhaa yangu, nikiwa nimetoka kwenye nyungu, nikiwa na kanga moja. Wahusika ni majirani zangu wawili. Kelele walizokuwa wakipiga sizilalamikii tena, mtoto wangu alikuwa amelala nazo.

Nakiri kwamba nilitukana. Tusi juu ya mama yao nalifuta, na nimekwenda kwake.

Namlalamikia pia mtendaji wa mtaa, ambaye nilimpelekea shida hii akaigeuza sinema.

Naomba vijana hao waitwe, na kwa msaada wa ofisi yenu waandikiwe hao wa nje kwamba mimi si msanii, sikuwa naigiza, na sitafanya tena. Nilitoka kuomba kimya.

Naomba pia mtakaposhughulikia barua hii msiifungue hiyo video. Yaliyomo nimeshayaeleza hapo juu, yanatosha.