Wimbo wa Marehemu Mama Umetokea Kwenye Albamu ya Mama Mkwe Wangu

Admin, naomba jina langu ulifiche na kanisa letu usilitaje, maana huku tunajuana wote. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Buhare hapa Musoma na baba yangu na kaka yangu. Mama alishafariki. Nimechumbiwa na kijana wa Bunda, nitamwita Magesa, na posa yake ilishapokelewa. Ilibaki wazee wakae waongelee mahari. Sasa kila kitu kimesimama, na kilichosimamisha ni wimbo.

Kwetu tuna utaratibu tangu nikiwa mdogo. Baba ni fundi redio, na albamu mpya ya kwaya ikitoka lazima aipate. Zamani ilikuwaga kanda, siku hizi ni flashi. Jumapili tukishakula mchana anazima televisheni, anaweka spika katikati ya sebule, tunasikiliza wimbo mmoja mmoja. Hakuna kuongea mpaka uishe. Ukiisha, kila mtu anatoa maoni yake: sauti, vyombo, ujumbe, kama anayeongoza anaimba au anapiga kelele. Tunabishanaga mpaka majirani wanacheka. Mama enzi zake alikuwa anakaa mlango wa jikoni anachambua dagaa, hasemi neno. Ila baba akiuponda wimbo ambao yeye ameupenda, baadaye utamsikia anauimba kwa sauti ya chini huko huko jikoni. Nilijua ni aibu zake tu.

Mwezi uliopita Magesa alikuja kutusalimia akatuletea albamu mpya ya kwaya ya mama yake. Mama yake ndiye mwalimu wao kule Bunda, na nyimbo nyingi anatunga yeye. Nilifurahi sana. Nyimbo za mwanzo baba alizisifu, hata akamwambia Magesa, "Mama yako anajua kupanga sauti." Magesa akawa anatabasamu tu.

Ndipo ukaja ule wimbo. Kinanda kilipoanza nilimwona baba ameinua uso, na mimi mwili ukanisisimka. Ulikuwa wimbo ambao mama alikuwa anaimba jikoni. Sisemi ulifanana nao. Ulikuwa ni wenyewe, pale pale anapopandisha, pale pale anaposhusha. Ubeti wa pili ukataja mlango wa bluu wa nyumbani. Bibi yetu mzaa mama, kule Bugwema, nyumba yake ilikuwa na mlango wa bluu, na hakuna mwingine aliyekuwa nao pale kijijini.

Baba akazima spika wimbo ukiwa katikati. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Huu ametunga nani?"

"Mama," Magesa akajibu. "Aliutunga zamani, akiwa msichana."

"Na mlango wa mama mkwe wangu aliuona wapi?"

Kaka akajaribu kutuliza, "Baba, milango ya bluu ni mingi." Baba akamkata, "Nyamaza. Mama yenu hawezi kuja hapa kujitetea. Nitamtetea mimi." Akachomoa flashi, akampa Magesa mkononi, akamwambia hakuna kikao cha mahari mpaka mama yake asimame mbele ya kanisa aseme ameiba.

Kesho yake nilienda Bunda bila kumuaga mtu. Nilimkuta mama Magesa anaanika mihogo. Nikamsalimia, akaitikia, akaacha mihogo akaniketisha. "Nilijua utakuja, mwanangu," akasema. "Wimbo ni wa mama yako. Mimi niliongeza kiitikio tu."

Akanieleza kwamba wakiwa wasichana waliimba kwaya moja kule Butiama, na mama yangu ndiye alikuwa anaongoza. Mimi nilikuwa sijui kabisa! Alipoolewa, baba akamkataza. Alisema mke wake hawezi kusimama mbele ya wanaume kutingisha mabega. "Alikuja kuniaga hapa analia," mama Magesa akaniambia. "Akasema, 'Uimbe wewe dada, ila jina langu usiliweke, nyumba yangu itavunjika.' Nimekaa na wimbo huo mpaka alipofariki, ndipo nikaona sasa uimbwe."

Nikamuuliza kwa nini asimwambie baba hayo. Akatikisa kichwa. "Nikimwambia peke yake hataniamini, na nikiyasema kanisani nitakuwa nimemwaibisha baba yako mbele za watu, na wewe utaishije naye? Acha aniite mwizi. Nitaomba msamaha, ninyi mfunge ndoa. Usimwambie."

Nilitamani iwe uongo. Nikampigia mama mdogo wangu wa Bugwema, nikamuuliza kama mama aliwahi kuimba kwaya. Badala ya kujibu akauliza, "Hayo nani kakwambia?" Akakata simu, na mpaka leo hapokei.

Baba sasa ameutafuta ule wimbo akauweka kwenye simu yake. Akitoka kwenye kibanda chake cha ufundi jioni anakaa sebuleni anausikiliza, analia. Juzi nilimpelekea chai, akanishika mkono akaniambia, "Mama yenu alikuwa na kipaji kikubwa sana. Mpaka leo sijui kwa nini hakuwahi kuimba kwaya." Nilimwangalia usoni nikashindwa kujua kama amesahau kweli au anajidanganya mwenyewe. Niliweka kikombe mezani nikatoka nje.

Jumapili hii anaenda Bunda na wazee wawili. Magesa hajui lolote, ananiambia tu mama yake amekubali kusimama. Nikinyamaza, mama wa watu anaitwa mwizi kanisani kwake kwa kosa ambalo hakulifanya, na mimi ndiye nitakuwa mkwe wake maisha yote. Nikisema, namwondolea baba kitu pekee kinachomliwaza tangu mama aondoke, na sijui kama atanitazama tena kama binti yake.

Ndugu zangu, sina mwingine wa kumuuliza. Nishaurini kabla ya Jumapili, niseme au ninyamaze?