Kilemba changu cha melimeli kimechanwa leo

Jamaa zangu, leo nimekaa kichwa wazi mbele ya mama mkwe, na sijaona haya.
(Haya, nimeona kidogo.)

Mnanijua. Kasongo nzima hakuna kilemba kama changu: melimeli ya Unguja, kitambaa chepesi kama moshi.

Mtoto wetu ana siku tisa. Nilimfunga merikani mpya, ile pamba nzito, nikakataza isifuliwe. Wanga wake ukitoka, wageni watasikiaje nguo inavyolia kra-kra, wajue baba yake ni mtu?

Asubuhi wageni wakafika. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe akamfungua: shingo na makwapa yamechubuka, mekundu.

"Baba, hii nguo iko inakula mutoto. Leta ile laini."
"Ipi, mama?"
Akanitazama kichwani.

Mgeni mmoja akacheka: "Mungwana mzima avue kilemba mbele ya mkwewe?"

Nikavua.

Mama mkwe akakichana vipande vinne. Kimoja akakilowesha, akamkanda shingo taratibu. Cha pili akamfungia. Cha tatu cha kufutia maziwa anapocheua, na cha nne akamtandia juu, nzi wasimguse, pumzi ipite.

Mtoto akalala. Hakuna aliyecheka tena.

Miaka yote nimevaa nguo ile nionekane, wala sikujua ina kazi.

Wenye vilemba huko Kabambare, semeni kweli: mngevua papo hapo? Mimi, nisiwafiche, kwanza nilitaka kutuma mtu sokoni akanunue nguo laini, na mwanangu analia.