Hodi kwenye Jiko la Nyuma

Miaka ya themanini, mke wa ofisa aliyeishi Milimani, mtaa wa wakubwa, hakumwekea mgeni mboga za kienyeji mezani. Ilikuwa aibu. Wageni wa mume wangu walikula nyama ya kukaanga, nami nikifunga mlango wa jiko la nyuma, harufu ya osuga isifike sebuleni. Osuga ni mboga chungu: unaichemsha, unaitia maziwa, unaipasha tena siku ya pili na ya tatu mpaka uchungu wenyewe ugeuke utamu. Nilikula yangu na ugali wa mtama, na soko la Kibuye nilikwenda kwa miguu.

Wageni walinihurumia. "Mama, umekonda. Mzee hakulishi?" Kitambi chake walikisifu.

Miaka ya tisini daktari alimkataza mzee nyama na mafuta, akamwambia ale mboga za kienyeji. Jioni hiyo nikasikia mlango wa jiko la nyuma unabishwa.

"Hodi, mama," akasema mume wangu, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Karibu, mgeni."

Nikampakulia osuga kidogo tu. Katika chungu changu nilikuwa nimezoea kupika ya mtu mmoja.