Shamba Nililoliita Pori

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, enzi za Mwingereza, nilipotamka maneno machache yaliyommaliza shangazi yangu. Naona aibu mpaka leo, mwanangu, lakini kaa unisikilize.

Nilikuwa kijana mwenye mke mpya, mkalimani wa mzungu mpima ardhi aliyekuwa mgeni kabisa Ufipa. Wakubwa walitaka kujenga safu ya maduka nje kidogo ya Sumbawanga, njia ya Milanzi. Mpima akasimama kwenye shamba la shangazi aliyenilea. Mwenyewe alikuwa msibani Kaoze. Shamba halikuwa na zao, lilijaa ntumba tu, yale matuta ya mviringo tunamofukia nyasi ziozee, mvua zikija tuyatawanye na kupanda ulezi.

"Hivi ni nini?" akauliza.

"Vichuguu, bwana. Hapa ni pori tu."

Nilijua ninachosema. Nilikuwa na viatu na suruali ndefu, nikaona matuta yale yananitia ushamba. Tena niliyataka hayo maduka. Nani asiyetaka chumvi, mafuta ya taa na kanga za mkewe karibu na nyumbani?

Shangazi aliporudi baada ya wiki kadhaa, kuta za maduka zilikuwa zimefika kiunoni.

"Nani kawaambia hapana mwenyewe?"

"Mimi, shangazi."

"Ungesema niko msibani tu. Wangeningoja."

Hakunilaani. Afadhali angenilaani! Alipewa kipande cha ardhi ya mawe huko mlimani, mgongo ukamshinda. Mji ukapanuka, watu wakafurahi, nami nikasifiwa kwa kazi nzuri. Mwaka uliofuata nikamkuta kwenye baraza ya duka moja kati ya yale, kikapu mkononi, ananunua unga wa ulezi, yeye ambaye hakuwahi kununua unga maishani mwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kisha akasogea kunipisha, kama anavyompisha mteja yeyote. Masika ya mwaka ule ule tukamzika.

Mwanangu, maduka hayana ubaya, hata mimi nanunua humo. Ila mji ukija kuuliza ardhi hii ni ya nani, usimjibie mtu asiyekuwepo. Sema mwenyewe yupo, mngojeni, hata wakikucheka. Mimi nilishindwa kusema hivyo, na aliyekuwa na haki ya kunisamehe ameshaondoka. Mungu akupe ujasiri nilioukosa, na akuepushe usije ukamkuta mama yako akinunua chakula juu ya shamba lake mwenyewe.