Nilichojibu Nilipoulizwa Habari za Salim

Siku walipomuuza yule mrushaji wa timu yetu ya besiboli, yule wa mkono wa kushoto, naikumbuka vizuri kuliko siku niliyomuoa mama yako, na mama yako analijua hilo, ameshanisamehe. Ilikuwa Ijumaa, mwishoni mwa mwezi wa saba, na joto la huku Washington unalijua, shati linakuganda mgongoni kabla hujafika kituo cha basi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina nguvu, nina mdomo, na akili nilidhani ninayo.

Lakini kabla sijafika huko, niache nitoe ya moyoni. Jana uliniletea ujumbe, kwa Kiingereza chako kama kawaida, kwamba timu imemtredi tena mpigaji wetu mkubwa, yaani imembadilisha kwa timu nyingine, na badala yake tumepewa chipukizi wanne ambao hata majina yao hatujui kuyatamka. Niliusoma nikiwa ndani ya gari, hapo nje ya kazini Rockville, na kushuka sikuweza kwa muda.

Mwanangu, timu hii imenichosha. Kila mwaka tunaambiwa tusubiri. Mkurugenzi anakaa mbele ya kamera na tai yake anasema bado tunajenga, na mimi namuuliza kupitia kioo, mnajenga nini miaka yote hii? Subira huvuta heri, sawa, lakini waliosema hivyo ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na hawa kazi yao ni hiyo kila kiangazi. Chipukizi akishakomaa, akaanza kuupeleka mpira viti vya juu, naye anauzwa, tunaletewa wachanga wengine. Tumekuwa kitalu cha miche, na mashamba wanayo wenzetu.

Hayo mengine mnayogombania kutwa kwenye grupu lenu, mimi sina haja nayo sana. Saa ya kumharakisha mrushaji naipenda, maana nami nataka kulala. Mashine ya kuamua mpira umepita wapi siitaki, kwa sababu mwamuzi nikimlalamikia angalau ana masikio. Matangazo ya kamari ndiyo yananikera, mtoto hajajua sheria za mchezo ameshajua kubashiri. Lakini yote hayo ningeyameza. Kilichonikosesha raha ni ulivyomalizia ule ujumbe, kwamba mpigaji yule ameshakwisha na hatuna haja naye. Maneno hayo niliwahi kuyasikia Ijumaa ile, na balaa lililofuata nimeishi nalo mpaka leo.

Wakati ule Washington haikuwa na timu yake hii. Tuliokuwa huku tulishabikia ya Baltimore, tunaisikiliza redioni, na Jumapili moja moja tunakwenda uwanjani. Nasema tulikuwa, yaani mimi na Salim. Salim alikuwa kijana wa Unguja, anafanya kazi jikoni pale chuo kikuu, na mimi nilikuwa nasafisha ofisi Greenbelt. Tulipanga chumba kimoja cha chini ya ardhi College Park, dirisha lake unaona miguu ya wapita njia tu. Mchezo huu hatukuujua hata mmoja wetu. Tulijifunza pamoja, kwa kubishana, na tulibishana mno.

Nataka umjue Salim ni mtu wa namna gani. Baridi yangu ya kwanza huku nilishikwa na homa ya mapafu. Salim alinipikia uji, akanifulia nguo, akanishika mkono kunipeleka hospitali kwenye barafu, na kazini kwake alikosa siku hizo zote bila kuniambia. Mama yangu mwenyewe asingefanya zaidi. Weka hilo moyoni tunapoendelea.

Basi Ijumaa ile asubuhi redio ikatangaza kwamba mrushaji wetu wa mkono wa kushoto ameuzwa, na tumepewa vijana watatu wasiojulikana. Nilimpenda yule bwana, mwanangu. Alikuwa mtu mzima, mkono umeanza kuchoka, lakini alikuwa wetu. Nilikaa kitandani nimeshika kichwa. Salim alikuwa anapiga pasi kanzu yake ya kwendea msikitini, na hakuinua hata macho.

"Yakhe, hiyo ndiyo akili," alisema. "Yule ameshakwisha. Hawa watatu ndio kesho yetu."

Nikamwambia hana haya. Akacheka, akasema, "Wewe unampenda mtu, mimi naipenda timu." Tukarushiana maneno mpaka jirani akagonga dari. Nikatoka bila kumngojea, nikapanda treni peke yangu kwenda Rockville kuswali, na njia nzima nilikuwa nazidi kuvimba. Kwa ajili ya mpira, hebu fikiria. Kwa ajili ya mtu asiyejua hata kama tupo duniani.

Tulikuwa tunaswali kwenye ukumbi wa kukodi. Nilipotoka, pale kwenye viatu, nikamkuta Ami Haji ananisubiri. Ami Haji alikuwa mzee wa Kizanzibari anayeheshimiwa na kila mtu wa pwani aliyekuwa huku, mtu mtaratibu, hasemi jambo mara mbili. Nilimwamkia, akanishika mkono, na hakuuachia, tukatembea mpaka mwisho wa magari.

Alisema, "Mwanangu, Salim ameleta posa kwa binti yangu Rukia. Nyumbani ningeuliza mtaa mzima. Huku mtaa sina, ninao nyinyi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe unakaa naye chumba kimoja. Niambie, ni kijana gani huyu?"

Unaijua mila hiyo, umeiona. Watu wakija kuposa, wazee huulizia. Na anayeulizwa huwa amewekewa amana, kama vile amesimamishwa mbele ya kadhi. Nami nililijua hilo tangu utotoni. Tena nilijua kwamba Salim anampenda Rukia, maana jina lake alikuwa akilitaja kila siku kwa visingizio vya ajabu, mara sambusa zao, mara gari la baba yake limeharibika. Nililotakiwa kusema lilikuwa fupi: Ami, huyu aliniuguza.

Badala yake kikanitoka kilichokuwa kinachemka. Nikasema, "Kijana anajitahidi, Ami. Lakini ukweli nikwambie, si mtu wa kushikamana na alichonacho. Akiona kipya, cha zamani kwake kimekwisha."

Ami Haji akasimama. "Unasema hivyo kwa kumjua?"

"Namjua," nikasema.

Akaniachia mkono, akashukuru, akaenda zake. Na mimi, wallahi nakwambia, wakati ule niliona nimeshinda ule ubishi wa asubuhi. Nilirudi nyumbani nimepoa kabisa, nikamkuta Salim ameniwekea wali.

Wiki haikwisha posa ikarudishwa. Walimwambia kwa adabu kwamba haikuandikwa. Salim alikaa kwenye kile kitanda chake siku mbili, hakula, hakufungua redio. Aliniuliza, "Sijui nimekosa wapi. Wewe umesikia lolote?" Nikamwambia sikusikia kitu, ndivyo Mungu alivyopanga. Yaani nilichanganya uongo wangu na jina la Mungu, na ulimi haukunizama kooni.

Nilivumilia kama mwezi. Nikasikia Rukia ameposwa na mtu wa Ohio, na hapo hofu ikanishika, nikaenda kwa Ami Haji mchana mmoja, nikamkuta sebuleni anamenya machungwa. Nikamweleza yote: mrushaji, redio, pasi, hasira zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama juu ya chungwa. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajakosea kusikia, "Ulikuwa unazungumza habari za mpira?"

Nikamwambia ndiyo.

"Nilikuuliza kama shahidi," akasema, "ukanijibu kama shabiki. Huko kwenye mpira wenu watu wanabadilishana watu, na jioni kila mmoja anakula nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nauliza nani atalala chini ya dari moja na mwanangu." Nikamwomba amwite Salim tena. Akatikisa kichwa. "Nimeshatoa neno kwa watu wengine. Neno langu si mchezaji, siwezi kulitoa huku nikalipeleka kule. Wewe nenda kwa mwenzio, umwambie leo, kabla jua halijatua. Angalau ajue kwamba hakukosa kitu."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi nilijikwaa ulimi halafu nikafunga mdomo, na sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Sikumwambia siku ile. Sikumwambia siku Rukia alipoolewa, tukaalikwa, na Salim akaenda akala biriani kwa heshima zote. Sikumwambia alipofunga mizigo kuhamia Seattle mwaka uliofuata. Kila siku niliyochelewa iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Na Salim hakuniacha. Kila mwaka timu zikianza mazoezi, simu yake inaingia. "Haya yakhe, mwaka huu tuna nani?" Tunachambua chipukizi, tunawalaani wakurugenzi, tunacheka. Alioa huko, wakaachana, watoto hakujaliwa. Ulipozaliwa wewe, nikampigia kumpa habari, akalia kwa furaha kuliko ndugu zangu. Miaka zaidi ya thelathini mwanangu, nilizungumza na mtu yule habari za mikono ya warushaji na magoti ya wapigaji, na hilo moja tu nililodaiwa kulisema sikulisema.

Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Alipopiga, sikumwacha aanze. Nikamweleza toka ile pasi mpaka yale machungwa. Mama yako akaja mlangoni kuangalia nina nini.

"Nilijua," Salim akasema. "Ami Haji aliniita wiki ile ile uliyokwenda kwake. Alinitaka radhi, akanieleza."

Nikamuuliza mbona basi alinyamaza, mbona alinipigia miaka yote hiyo. Akasema alikuwa ananingoja. Alijua nimefanya kwa hasira, na alishanisamehe kabla hajahama. Kilichomuuma ni kwamba kila mwaka alinipa nafasi, na kila mwaka nikamjibu kwa habari za mpira. "Sasa umesema, na nakushukuru," alisema. "Lakini mimi nimechoka, yakhe. Nimekungoja mpaka nimezeeka." Akanitakia heri, tukaagana vizuri. Tangu siku hiyo hajapiga, na nikipiga mimi hashiki. Msimu umefika katikati. Mpigaji wetu ameuzwa jana, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe unayenijibu kwa Kiingereza.

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mjukuu huleta furaha nyumbani. Haya yangu yananikalia tu. Sina tumaini kwamba Salim atarudi, na sitaki unifariji.

Nakwambia haya leo kwa sababu kuna mzee mmoja wa Greenbelt alikuja juzi kuniomba namba yako ya simu. Rafiki yako Abdul amepeleka posa kwake, na nimempa namba. Atakupigia, pengine kabla ya Jumapili. Najua wewe na Abdul hamzungumzi tangu mlipogombana kwenye grupu juu ya hizi habari za kutredi. Sikwambii umsifu. Kama unamjua ana ubaya, useme, hiyo nayo ni amana. Lakini useme la Abdul, aliyekuwa na wewe kwenye shida na raha, usiseme la Abdul wa kwenye grupu. Ukiona kifua bado kina moto, mwambie mzee kwa adabu, ami, leo nina hasira na mwenzangu, niulize kesho. Hakuna mzee atakayekudharau kwa jibu hilo. Na ikiwa umeshateleza, kama nilivyoteleza mimi, basi mwendee mwenzio siku ile ile, ungali unaona haya, miguu inakataa. Usingoje ikawa rahisi, kwa sababu haiwi.

Mungu akupe ulimi mzito wakati wa hasira na mwepesi wakati wa kuomba radhi. Akupe rafiki wa kukuuguza, na akujaalie umtambue angali anashika simu yako. Amin, mwanangu.