Beti ya Pili Bila Besi

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine huwa naziruka, maana niliishia darasa la saba na tangu hapo kalamu naishika mara chache. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Mkikuta neno limekosewa, lirekebisheni wenyewe na msinicheke sana.

Mwanangu, leo una miaka miwili. Umekaa hapa sakafuni kwetu Tunduma unapiga kifuniko cha sufuria na kijiko, na mama yako ameshakuomba mara tatu uache. Haya utayasoma ukiwa mkubwa. Nimeona na wengine wayasome, wazazi na vijana. Najua wanaotoa nasaha huwa na mvi, na mimi hata ndevu hazijakamilika. Lakini hekima iliyomo humu si yangu. Ni ya babu yako na bibi yako. Mimi kilicho changu humu ni kosa tu.

Nakumbuka Jumapili moja kule nyumbani Hasamba, msimu wa kahawa, tumetoka ibadani. Shangazi yako Sekela, mdogo wangu wa pekee, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mwenzake akitaka ualimu na mwingine uuguzi, yeye alitaka chuo cha sanaa huko pwani, akasomee maigizo ya kuimba, yale ambayo mtu anaigiza na maneno yakimzidi anaingia kwenye wimbo. Aliwahi kucheza igizo la namna hiyo shuleni, na mwalimu wake ndiye aliyemwambia kuwa kuna mahali panafundishwa.

Majirani walishangaa. Bibi yako aliulizwa kisimani kama kweli anamsomesha mtoto kucheza. Akajibu, "Ndiyo. Na wewe wako anacheza bure." Babu yako hakubishana na mtu. Alimuuliza Sekela swali moja tu.

"Wanafundisha kweli, au mnakusanyika tu?"

"Wanafundisha, Baba. Asubuhi hadi jioni."

"Basi tujaze fomu."

Fomu ilijazwa kwenye simu yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kamera nzuri. Chuo kilitaka video kabla ya Ijumaa saa kumi: mwombaji aimbe wimbo mmoja, aigize kipande kimoja. Kazi ya kurekodi nikapewa mimi.

Sasa sikia kosa langu, mwanangu. Kwetu mtu haendi kwenye jambo kubwa peke yake. Binti akiposwa, anazungukwa na shangazi zake. Mtu akienda kuomba kitu kwa wakubwa, anasindikizwa. Nikaona aibu Sekela atokee mbele ya wageni kasimama mwenyewe kama asiye na ndugu. Kwa hiyo baada ya ibada niliwaomba wanakwaya wabaki. Walibaki wote, na vitenge vyao vya sare. Sekela ni mrefu, na kwenye kwaya yetu warefu husimama nyuma. Akasimama nyuma. Wakaimba wimbo wetu wa mavuno vizuri mno, nami nikarekodi hadi mkono ukauma.

"Chuo kitatuchukua wote," akasema mmoja wa akina baba wa besi. "Nani anaaga shamba, nani anabeba magodoro?"

Tulicheka sana. Nikatuma.

Jumanne simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa huko chuoni, sauti ya upole.

"Kwaya yenu nzuri, kaka. Tumeisikiliza mara mbili. Sasa mwombaji ni yupi?"

"Yule mrefu wa nyuma."

"Nyuma naona warefu wanne."

"Yule aliyezibwa na mwenye miwani."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nitumie yeye peke yake kabla ya Ijumaa saa kumi. Nisipomwona, siwezi kulipeleka jina lake mbele."

Wazazi walikuwa kwenye vichanja, zile meza ndefu za wavu tunazoanikia kahawa, wakichambua punje mbovu. Nikawaeleza. Nilitegemea babu yako atanifokea. Aliendelea kuchambua kwanza. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Hukumsaidia mdogo wako. Ulimficha."

Nikajitetea kuwa nilitaka asiwe mpweke.

"Mwenye kuogopa kusimama peke yake ni wewe," akasema. "Ukampa dawa ya ugonjwa wako."

Neno hilo liliniingia. Ni kweli. Shuleni nilikuwa nikijua jibu nanyamaza, na hata leo sokoni mteja akinipandishia sauti nampa maharage kwa bei anayotaka. Nilimpangia Sekela mahali ambapo mimi ningejisikia salama. Wala sikumuuliza.

Tukamwita, tukamsimamisha kwenye kichwa cha kichanja, nikainua simu. Aliimba beti ya kwanza vizuri. Alipofika mwisho wake, akanyamaza. Akatuangalia. Akaanza upya, akafika pale pale, akanyamaza tena.

Lazima nikueleze jambo hili. Katika wimbo ule, beti ya pili huanzishwa na besi. Akina mama husubiri, besi wanashuka, ndipo wao wanaingia. Sekela ameuimba wimbo huo tangu akiwa mdogo, na kila mara alimsubiri babu yako, kwa kuwa babu yako ndiye besi mkubwa wa kwaya yetu. Mdomo wake ulizoea kusubiri.

"Nitabadilisha wimbo," akasema Sekela, machozi yanamlenga.

"Usibadilishe," akasema bibi yako. "Huu ndio unaoujua hadi mifupani."

"Mama, siku ni tatu!"

"Ndiyo. Na kahawa hii yote inataka kuchambuliwa. Tuimbe."

Ndipo nilipoona kazi ya wazazi, mwanangu. Hawakusoma habari za vyuo, hakuna aliyewahi kuwafundisha usaili ni kitu gani. Walitumia walichokuwa nacho. Tulisimama pande mbili za kichanja, mikono inachambua, tukaimba wote wanne. Babu yako akasema, "Tutaanza nawe, halafu tutanyamaza mmoja mmoja. Wewe usinyamaze."

Jumanne hiyo hiyo nilianza mimi kunyamaza, na hakuna aliyegundua tofauti, sauti yangu ni ndogo. Jumatano akanyamaza bibi yako. Yeye hakukaa hapo tena. Alikwenda mwisho wa shamba, kwenye migomba, akasimama na mkono umeinuliwa. Sekela akiimba neno likafika, mkono unabaki juu. Neno likipotea, mkono unashuka. Hakumwambia "paza sauti" hata mara moja.

Igizo nalo lilikuwa na shughuli yake. Sekela alilitunga mwenyewe: binti anamwomba baba yake aruhusiwe kuondoka, baba anakataa. Babu yako akawa baba. Alishika karatasi mbali na macho, akasoma kwa ile lafudhi yake ya Kinyiha, taratibu, kama anasoma somo kanisani.

"Hapana. Hutoki hapa."

"Baba, kuwa mkali!" Sekela akamwambia.

"Nitakuwaje mkali na hujakosa?"

"Ni igizo, Baba!"

"Basi kosa kidogo nipate pa kuanzia."

Kesho yake alfajiri tulimsikia nyuma ya nyumba. "Hapana! Hutoki hapa! Nimesema hutoki!" Bibi yako akatoka na mwiko mkononi. "Mzee, unagombana na nani?" Alikuwa anamfanyia mazoezi mbuzi. Mzee yule hajawahi kunyanyua sauti nyumbani kwake, na alijifunza kufoka ili binti yake apate mtu wa kumjibu. Nikilikumbuka hili nacheka.

Alhamisi ikabaki besi tu. Sekela akaimba beti ya kwanza, babu yako yuko naye chini chini. Ikafika ile sehemu. Babu yako akafunga mdomo.

Sekela akasimama. "Baba, mbona huingii?"

"Siingii."

"Nikikosa noti?"

"Utaikosa."

Akaendelea kuchambua kahawa. Sekela akajaribu, akakwama. Mara ya pili, akakwama. Mara ya tano aliacha, akapiga wavu wa kichanja kwa kiganja, punje zikaruka. Mimi nilitaka kumwambia mzee amsaidie, jambo lenyewe ni pumzi moja tu. Nilimwangalia babu yako, nikaona shingo yake. Mishipa imesimama. Wimbo ulikuwa umemjaa kifuani na alikuwa anauzuia kwa nguvu zake zote. Sikujua kwamba kunyamaza kunaweza kumchosha mtu namna ile.

Ilikuwa jioni, jua linakwenda, tunafunika kahawa kwa maturubai. Sekela ameshika ncha moja, babu yako nyingine, wanatembea wakivuta. Sekela akawa anaimba kwa kujisahau. Akamaliza beti ya kwanza. Hakuangalia mtu. Akaingia beti ya pili mwenyewe, chini kabisa ya sauti yake, mahali ambapo huwa pa besi, kisha akapanda. Kule kwenye migomba mkono wa bibi yako ulikuwa juu.

Babu yako akasema tu, "Vuta upande wako, kuna mvua."

Ijumaa asubuhi nilirekodi pale pale vichanjani. Peke yake, uso wote unaonekana. Kwenye igizo babu yako alijibu akiwa nyuma yangu, asionekane. Alifoka vizuri. Saa nne nikatuma.

Sekela akaitwa kwa usaili wa ana kwa ana. Babu yako ndiye aliyempeleka, na koti lake la ibada, safari ndefu ya basi ambayo hakuwahi kuisafiri. Mimi na bibi yako tulibaki. Siku ya usaili, kabla ya saa sita, simu ikaita.

"Nipo nje, chini ya dirisha," babu yako alinong'ona. "Amesimama mbele yao. Sikilizeni."

Tuliinama juu ya simu hapo kwenye vichanja. Sauti ya Sekela ilikuja kwa mbali, kama iko ndani ya debe, lakini kila neno lilifika. Bibi yako akainua mkono, nadhani hata hakujua kuwa ameuinua. Beti ya kwanza ikaisha.

Kukawa kimya.

Nikasikia pumzi ya babu yako karibu na simu. Alivuta pumzi yote, ile ya mtu anayetaka kuimba. Bibi yako akaniminya bega. Akasema polepole, kama yuko pale dirishani pembeni yake, "Mzee, usiingie."

Hakuingia. Aliiachia pumzi ile polepole ikatoka bila sauti. Na ndani ya chumba kile Sekela akaianzisha beti ya pili.

Jina lake lilitoka kati ya waliochaguliwa. Sasa yuko mwaka wa pili. Likizo akija, anasimama na kwaya nyuma kule na warefu, na anamsubiri besi kama zamani. Nilimuuliza kwa nini, wakati sasa anaweza kuanza mwenyewe. Akasema, "Kaka, pale nasubiri kwa kupenda."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, niiandike wazi nisije nikaizungusha. Ukipenda kitu tuambie, hata kama hapa kwetu hakuna aliyewahi kukifanya. Wazazi wako hatutakijua, lakini tutasimama upande wa pili wa kichanja tuimbe nawe. Utafika wakati tutanyamaza. Usidhani tumekuacha. Siku hiyo utakuwa umebakiza pumzi moja kuvuka, na sisi tutakuwa nje ya dirisha tumefunga midomo kwa shida. Na wewe ukiwa mzazi, usimpe mtoto dawa ya woga wako. Muulize kwanza anaumwa nini. Mimi najifunza bado. Jana ulipoanguka nilikimbia kukuinua kabla hujalia, mama yako akaniambia, "Mwache, anainuka." Na uliinuka.

Mungu wa babu yako na bibi yako akupe sauti inayofika hadi mwisho wa shamba. Akupe watu wa kukuinulia mkono kwenye migomba. Na siku ya kusimama mwenyewe, miguu yako isitetemeke, na ikitetemeka, uimbe hivyo hivyo.

Nanyi mliosoma mkafika hapa, naomba mniandikie. Nataka kujua wazazi wenu walinyamaza wapi, au kama hawakuwahi kunyamaza, ilikuwaje. Nasoma polepole kama ninavyoandika, kwa hiyo jibu langu litachelewa. Lakini barua zenu nitazisoma zote, neno kwa neno, na huyu mwenye kifuniko cha sufuria akiwa amekaa mapajani.